Habari za Hamed bin Muhammed el-Murjebi na Mashahidi Wake

Kila inapoelezwa habari ya kuingia Uislamu katika nchi za Maniema na kando ya mto Lualaba, jina moja hutangulia majina mengine yote, nalo ni jina la Hamed bin Muhammed bin Juma el-Murjebi, aliyejulikana na watu wa Bara kwa lakabu ya Tippu Tip. Wako wazee wamtajao kwa heshima, kama vile atajwavyo mwenye nyumba. Vitabu vilivyosomeshwa shuleni zama za Wabelgiji vilimtaja kwa laana. Basi kijana aambiwapo na mwalimu wake aandike insha ya utafiti juu ya mtu huyu, hukuta watu wawili wenye jina moja: wa kwanza ni bwana mpole, mkarimu, mwenye busara na subira, mjenzi wa miji na mashamba, wa pili ni mteka watu na mchoma vijiji. Mara nyingi kijana humchagua mmoja akamwacha wa pili, kwa kufuata kitabu kilichotangulia kumfikia mkononi, au maneno ya mzee aliyemlea. Akifanya hivyo huwa hakuandika tarikhi, bali amechukua upande katika ugomvi usiokuwa wake.

Na Mwislamu, zaidi ya watu wengine, hana udhuru wa kufanya hivyo. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 6, yaamrisha habari iletwayo na mtu asiyeaminika ichunguzwe kabla haijafanyiwa kazi. Wanazuoni wa hadithi, na mbele yao Imam Bukhari aliyefariki mwaka wa 870, waliijenga elimu nzima juu ya maswali machache ambayo hata mtoto aweza kuyaelewa: Nani kasema? Kaipata kwa nani? Alikuwapo mwenyewe au kasimuliwa? Kumbukumbu yake yategemewa? Ana faida gani katika kusema hivyo? Maswali hayo ndiyo yampasayo kila aandikaye habari za mtu wa kale. Akiulizwa nayo Hamed bin Muhammed, pamoja na wale waliomwandika, hujitokeza mambo mengi ambayo wenye kumsifu hawayasemi, na wenye kumlaani pia hawayasemi.

Shahidi wa kwanza ni yeye mwenyewe. Hii ni bahati kubwa, kwa maana katika watu mashuhuri wa Bara wa karne ya 19 ni wachache mno walioacha maisha yao yameandikwa kwa maneno yao. Hamed alipokuwa mzee amestarehe Unguja, Mjerumani mmoja aitwaye Heinrich Brode, aliyekuwa katika kazi ya ubalozi wa nchi yake huko, alimwomba aandike habari zake. Naye akaziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akazigeuza katika herufi za Kizungu, akatia na tafsiri ya Kijerumani, zikapigwa chapa Berlin katika mwaka wa 1902 na wa 1903. Baadaye W. H. Whiteley alizitoa tena kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza katika mwaka wa 1958 na 1959, na Padre François Bontinck akazitoa kwa Kifaransa mwaka wa 1974. Kwa hiyo kijana wa Kongo, wa Burundi au wa Kigoma aweza kukisoma kitabu hiki katika lugha ya nyumbani au ya shuleni. La ajabu ni kwamba wengi wanaobishana juu ya mtu huyu hawajapata kukifungua.

Akifunguaye hukuta Kiswahili kizuri cha wafanya biashara, kisicho na mapambo. Hamed hakupoteza maneno katika kujisifu kwa mashairi. Atoa hesabu ya pembe kwa frasila, ataja deni lake na jina la tajiri aliyemkopesha, na katika hao mkubwa ni Taria Topan, Mhindi tajiri wa Unguja. Aeleza jinsi baba yake alivyooa Tabora kwa Karunde, binti Fundikira, na jinsi ndoa hiyo ilivyokuwa nguvu ya biashara yao yote. Aanza na safari zake za karibu alipokuwa mtoto wa miaka thenashara, kisha safari huzidi urefu na wapagazi huzidi wingi. Lakini tarehe alizozitaja ni chache. Mtu wa zama zile alihesabu miaka kwa safari na kwa masayyid waliotawala, wala hakujua kwamba siku moja wanafunzi wangetaka kujua mwezi na siku. Watafiti wakadiria kuwa alizaliwa Unguja kiasi cha mwaka wa 1837. Mwanafunzi aandikaye kwamba alizaliwa mwaka huo, bila kuongeza neno "kiasi", amekwisha teleza katika mstari wa kwanza.

Ndipo huhitajiwa shahidi wa pili. Katika vita ambavyo Hamed aliviona kuwa mwanzo wa utajiri wake, yaani vita vyake na Nsama, mtawala wa Itawa, aliyekuwa na sifa ya kuwashinda wafanya biashara waliomtangulia, kitabu chake hakitoshi kwa kujua wakati. Lakini Dr. Livingstone alipita nchi hizo muda mchache baadaye, na desturi yake ilikuwa kuandika kila siku. Tarehe 29 Julai 1867 aliandika kwamba amefika katika kijiji cha Ponda, akakutana na Mwarabu aitwaye na wenyeji Tipo Tipo, akampa mbuzi, kipande cha nguo nyeupe, mafungu manne ya ushanga na mfuko wa mtama, kisha akaomba radhi kwa uchache wa zawadi. Aliandika pia kwamba mtu huyo alikuwa amepata majeraha mawili ya mishale, na kwamba bunduki zilizokuwapo katika mapigano zilikuwa 20 tu. Hapa Mwingereza aliyeichukia biashara ya watumwa kuliko kitu chochote amekuwa shahidi wa ukarimu wa mtu aliyekuwa katika biashara hiyo. Jambo hili limewafadhaisha wasomaji wa pande zote mbili, lakini halina budi kuandikwa kama lilivyo.

Hata lakabu yake ina mashahidi wasiokubaliana. Yeye mwenyewe asema watu walimwita hivyo kwa mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Na katika kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, kilichopigwa chapa mwaka wa 1874, imeelezwa kwamba alisimama juu ya ngawira aliyoipata kwa Nsama, akaikusanya karibu yake, akajiita kwa jina hilo kwa maana ya mkusanya mali. Yamkini ya kwanza ni ya kweli, kwa kuwa yatoka kwa mwenye jina. Lakini yamkini pia mwenye jina alilichagua lile lenye fahari zaidi. Msomaji aonaye kuwa hili ni jambo dogo na akumbuke kwamba mtu asiyeweza kupima habari ya lakabu hataweza kupima habari ya vita.

Mahali pazito katika kitabu chake ni pale aelezapo jinsi alivyopata usultani wa Utetera. Ilikuwa kabla ya mwaka wa 1874. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, walitekwa wakapelekwa Urua. Basi akaishika habari hiyo. Akadai kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el-Wardi, alifika Urua akamnunua mwanamke mmoja katika hao, na kwamba mwanamke huyo ndiye aliyemzaa mama yake. Mzee Kasongo Rushie, aliyewalilia ndugu zake miaka mingi, alifurahi kupita kiasi. Akampokea kama mjukuu aliyepotea, akampa nchi, akawaambia watu wake wampelekee yeye pembe. Na haya yote Hamed ayaeleza mwenyewe, kwa utulivu, kama mtu aelezaye namna alivyouza bidhaa kwa faida nzuri.

Mwenye kusoma na asimame hapa kidogo. Kwa wanazuoni wa sheria, ikirari ya mtu juu ya nafsi yake hushinda ushahidi mwingi wa watu wa nje, kwa kuwa hapana mwenye akili ajizuliaye jambo la kumwaibisha. Kwa hiyo habari ya Utetera ni katika habari zenye nguvu zaidi katika kitabu kizima. Lakini ikirari hiyo hiyo yaonyesha kwamba mtu huyu aliweza kutunga nasaba na kuisimulia mpaka ikaaminiwa na wazee wa nchi. Shahidi aliyekiri kwamba aliwahi kutunga habari kwa faida yake hatupwi, ila hutazamwa kwa makini kila mahali penye faida yake. Iko na huzuni nyingine ndani ya kisa hiki, ambayo Hamed hakuigusa hata kwa neno moja: uongo wake ulipata nguvu kwa sababu jamaa za Kasongo Rushie walikuwa kweli wametekwa, na mzee yule alikuwa kweli akiwangoja.

Miezi ya mwisho ya mwaka wa 1876 akatokea shahidi wa tatu, naye ni Henry Stanley. Alimkuta Hamed karibu na Kasongo, akataka asindikizwe kufuata mto kwenda kaskazini, katika nchi ambazo wafanya biashara wa Pwani walikuwa hawajazifikia. Wakapatana juu ya vituo 60 vya mwendo. Kwa ujira gani? Stanley ameandika kuwa ni riali 5,000. Hamed ameandika kuwa ni riali 7,000, tena analalamika kwamba hakutimiziwa ahadi alizopewa. Waliagana mwishoni mwa Desemba, Stanley akateremka na mto mpaka akatokea Boma katika Agosti ya mwaka wa 1877, akawa mtu mashuhuri wa dunia. Mashahidi wawili wa jambo moja, kila mmoja akiutetea mfuko wake: na aandikaye insha hana ruhusa ya kuchukua kiasi kimoja na kukificha cha pili kwa sababu tu kitabu cha Stanley kina picha nyingi na jalada zuri. Na aviandike vyote viwili, na aseme kila kimoja kimetoka kwa nani.

Yaliyofuata miaka kumi baadaye hayapatani kabisa na hadithi ya vitabu vya shule. Mwezi wa Februari 1887, Unguja, Stanley huyo huyo, kwa niaba ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji na mwenye Dola Huru ya Kongo, alitia sahihi mkataba na Hamed bin Muhammed kumfanya wali wa Stanley Falls, mahali paitwapo leo Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wakapanda merikebu moja, wakalizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia Kongo kwa upande wa magharibi. Serikali iliyojigamba mbele ya mataifa ya Ulaya kuwa imekuja kuifuta biashara ya watumwa ilimwajiri mkubwa wa wafanya biashara wa Bara kuwa mtumishi wake. Kisha Stanley alipohitaji wapagazi 600 kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha, wasifike kwa wakati, na Meja Barttelot akauawa Julai 1888, lawama zote zikatupwa kwa Hamed. Akashitakiwa Unguja kwa madai ya pauni 10,000. Shauri lenyewe liliachwa, lakini lawama zilibaki katika vitabu.

Kwa sababu hiyo ushahidi wa Wazungu wa Dola ya Kongo hauna budi kupimwa kwa mizani ile ile. Baada ya Hamed kurudi Unguja, alikofika mwaka wa 1891, vikaja vita vya mwaka wa 1892 mpaka 1894. Majeshi ya Dola yakiongozwa na Dhanis yaliitwaa Nyangwe Machi 1893, na Kasongo Aprili mwaka huo. Sefu, mwana wa Hamed, aliuawa mwaka huo huo wa 1893. Vita hivyo vilipewa jina la vita vya kuwakomboa watumwa, na kila afisa aliyeandika kitabu alimhitaji Mwarabu mbaya wa kumshinda. Wakati ule ule, katika misitu ya mpira, watu wa Kongo walikuwa wakilazimishwa kwa bunduki, kwa mateka na kwa mijeledi kumletea Leopold utomvu, mpaka ripoti ya Roger Casement ya mwaka wa 1904 ikaifichua fedheha hiyo, na mwaka wa 1908 nchi ikatwaliwa na Serikali ya Ubelgiji. Mwenye kosa kubwa hupenda kulieleza kosa la mwenziwe kwa sauti kuu. Hilo halilifanyi kosa la mwenziwe kuwa si kosa.

Na hapa ndipo penye jaribio la aandikaye, hasa akiwa Mwislamu, hasa akiwa mtu wa Maniema. Ni rahisi kuonyesha uongo wa Wabelgiji, kisha kuufunika ukweli wote kwa uongo huo. Wako wasemao kwamba biashara ya watu ilikuwa desturi ya zama zile, na hapana aliyeiona kuwa vibaya. Neno hili halisimami. Mwaka wa 1846, Hamed akiwa mtoto, Ahmad Bey, mtawala Mwislamu wa Tunis, aliufuta utumwa katika nchi yake. Mwaka wa 1873 Seyyid Barghash, ingawa ni kwa kushurutishwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza watumwa kusafirishwa baharini, na mwaka wa 1876 akakataza misafara ya watumwa kutoka Bara. Hamed aliyajua haya vizuri, kwa kuwa alikuwa raia wake na akibadilishana naye barua. Zaidi ya hayo, hapana haja ya kuwauliza watawala peke yao. Wale waliotekwa waliona kuwa ni vibaya tangu siku ya kwanza.

Sauti yao yapatikana wapi? Katika kitabu cha Hamed haipatikani. Pembe huhesabiwa moja moja, nguo huhesabiwa kwa majora, bali watu waliotekwa hupita kama vumbi la msafara. Hutajwa pamoja na mbuzi, au huachwa wasitajwe. Mwenye kutafiti asome na mahali palipo kimya, ajiulize: mizigo hii yote ilibebwa na mabega ya nani? Mashamba ya mpunga yaliyowashangaza wageni wa Kasongo yalilimwa na nani, na wake waliopika katika miji ile walitoka wapi?

Livingstone aliwaona watu hao, na alichokiona Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 hakikumtoka moyoni. Ilikuwa siku ya soko. Watu wa wafanya biashara walianza kupiga bunduki katikati ya soko, wakawaua mamia, wengi wao wanawake, na wengine wakazama mtoni wakikimbia. Haki yataka iandikwe kwamba Hamed hakuwapo. Waliohusika walikuwa watu wa kundi la Dugumbe bin Habib. Tena liko funzo la pili kwa wanafunzi. Livingstone, kwa kukosa karatasi, aliandika habari za siku zile juu ya magazeti makuukuu, kwa wino alioutengeneza huko huko, na maandishi yakafifia. Mwaka wa 2011 wataalamu walitoa matokeo ya kuyasoma kwa mianga maalumu, wakaona kwamba maneno ya siku yenyewe yanatofautiana na yale aliyoyanakili baadaye, ambayo ndiyo yaliyopigwa chapa. Hata shahidi mkweli huisawazisha habari yake anapoinakili mara ya pili. Waliosema kwa miaka mingi kwamba maandiko ya Livingstone hayana la kuongezwa walikuwa wamesoma nakala tu.

Lakini Livingstone naye alikuwa mtazamaji. Shahidi anayehitajiwa zaidi ya wote ni yule aliyeshikwa mwenyewe, naye yupo. Disasi Makulo alikuwa mtoto wa nchi za mto Aruwimi. Mwaka wa 1883 alitekwa na watu wa Tippu Tip, ambao kwao waliitwa Batambatamba, akatengwa na wazazi wake, akachukuliwa pamoja na watoto wengine. Mwishoni mwa mwaka huo Stanley alimkomboa kwa mali. Baadaye akawa mfuasi wa Grenfell wa misheni ya Kibaptisti, akafundisha watu wa kwao mpaka akawa mzee, akafariki mwaka wa 1941. Habari zake alizisimulia kwa mwanawe, naye akazitoa kwa Kifaransa Kinshasa. Msomaji Mwislamu asikiache kitabu hicho kwa sababu mwenyewe alikuwa katekista. Mtu hateuliwi kuwa shahidi wa utumwa wake kwa kufuata dini aliyoifuata baadaye. Na hapana shaka kwamba laiti mtoto yule angalibaki Kasongo akasomeshwa Kurani, kama walivyosomeshwa wengi wa umri wake, angalikuwa leo babu wa ukoo fulani wa Kiislamu, na wajukuu wake wangalikuwa wakisali katika msikiti ule ule ambamo huyu asifiwa.

Hili ndilo jambo ambalo husahauliwa sana katika ubishi juu ya Hamed bin Muhammed. Hakuwa mhubiri, wala hakudai kuwa mhubiri. Safari zake zilikuwa za pembe. Dini ilifuatana na misafara kwa sababu waliosafiri walikuwa Waislamu, wakasali, wakafunga, wakazika maiti wao kwa desturi yao, nao wenyeji wakaona. Hamed aliondoka Stanley Falls mwaka wa 1890 asirudi tena. Sefu akauawa. Rumaliza, yaani Muhammed bin Khalfan, alishindwa Januari 1894 akakimbia. Waarabu waliosalia wengi wao wakaenda zao, Ujiji na Pwani. Kwa hesabu ya maafisa wa Dola, Uislamu ungalikuwa umekwisha katika mwaka huo.

Haukwisha. Waliobaki walikuwa wale wasiokuwa na majina katika kitabu cha frasila: watu waliotekwa utotoni wakakulia katika miji ya waungwana, askari wenyeji, wapagazi, wake, na watoto wao. Hawa hawakuwa na merikebu ya kuwangoja wala shamba la karafuu Unguja. Serikali mpya iliwatazama kwa shaka, ikawaita Waarabu wa kuiga. Wao wakaendelea kulima mpunga, kusema Kiswahili chao cha Kingwana, na kuwafundisha watoto sura fupi fupi ubaoni. Jumuiya za Waislamu wa Maniema na za nchi jirani ziliinuka katika watu hawa. Basi amtafutaye babu wa jumuiya hizo katika kiti cha wali wa Stanley Falls hutafuta mahali pasipo, na amwambiaye Mwislamu wa Kasongo kuwa yeye ni mzao wa wateka watu amekosea kwa namna ile ile. Wengi ni wazao wa waliotekwa. Wengine wana damu ya pande zote mbili katika nyumba moja, na wazee hulijua hilo hata wasipolisema mbele ya wageni.

Hamed bin Muhammed alikaa miaka yake ya mwisho Unguja, katika nyumba yake ya mawe mtaa wa Shangani, ambayo watu huionyesha mpaka leo. Mwaka wa 1897 Sultani Hamoud aliifuta hali ya utumwa kisheria katika kisiwa, na Hamed aliishi kuliona hilo. Akafariki Juni 1905. Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa hesabu yake, kwa wema aliowafanyia wageni na wenziwe na kwa waliodhulumiwa kwa mkono wake. Aandikaye insha hakupewa kazi ya kumpeleka popote. Kazi aliyopewa ni ya kuzipanga habari, kila moja na mwenyewe aliyeisema, na kuiacha wazi ile ambayo mashahidi wake hawakukubaliana.

Iliyobakia hapati kuikuta katika kitabu. Katika miji ya Maniema, na Ujiji, na kando ya ziwa upande wa Burundi, wamo wazee waliosimuliwa na bibi zao: mama yake nani aliletwa kutoka nchi gani, alikuwa na jina gani kabla ya kuitwa Zainabu au Mariamu, alisema lugha gani alipokuwa peke yake jikoni. Habari hizo zataka kuandikwa kwa uangalifu ule ule, pamoja na jina la msimulizi na la aliyemsimulia, madhali wenyewe wangali hai. Kitabu cha Hamed kilianza kupigwa chapa mwaka wa 1902, na kitabu cha Disasi Makulo mwaka wa 1983. Baina ya neno la bwana na neno la mtoto aliyetekwa ilipita miaka 81.